Uzi: Tufuatilie maombi yaliyo hai ndani ya hifadhi kubwa ya data, tusiishie kwenye yaliyokwisha kujibiwa

#1 Raskazone (mwanzilishi wa uzi), Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Uzi huu ni kwa wanaosimamia hifadhi za data zilizotandazwa kwenye seva nyingi, na hoja yangu ni moja. Grafu tunazozitegemea zaidi huhesabu maombi yaliyokwisha kujibiwa, na kwa sababu hiyo haziwezi kutueleza lolote kuhusu ombi ambalo bado linasubiri. Ombi likikwama dakika nzima, katika dakika hiyo yote halimo kwenye wastani wa muda wa kujibu, halimo kwenye kipimo cha asilimia 99 (muda ambao maombi 99 katika kila 100 hujibiwa ndani yake), wala halimo kwenye idadi ya makosa. Litaingia kwenye hesabu litakapomalizika, na lisipomalizika haliingii kabisa. Anayetazama grafu ataona kazi imepungua kidogo, na huenda akadhani watu wamekwenda kula.

Hifadhi ninayoisimamia iko Chumbageni, na humo tunaweka picha za droni za mashamba ya mkonge ya Muheza, Korogwe na Pangani. Wapimaji hurudi mjini jioni, kwa hiyo mafaili makubwa huanza kumiminika kwa pamoja kuanzia magharibi hadi usiku. Tunatumia Ceph, mfumo ambao Sage Weil na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliueleza hadharani mwaka 2006, na ambao leo unatumika hata CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Sisi tuna diski 24 tu kwenye seva chache, ambazo ni tone ukilinganisha na wao, lakini njia inayopitiwa na ombi moja la kuandika ni ileile: programu inayosimamia diski, ambayo huitwa OSD, hupokea ombi ikiwa ndiyo msimamizi mkuu wa kipande hicho cha data, hutuma nakala kwa OSD nyingine mbili, na humjibu aliyeomba pale nakala zote tatu zinapokuwa zimethibitishwa kuandikwa.

Wapimaji walianza kulalamika kwamba picha inapanda vizuri, kisha mstari wa maendeleo unasimama kwenye asilimia 98 na hausogei. Grafu zilikuwa kijani tupu. Usomaji ulikuwa wa haraka, hakuna OSD iliyotangazwa kufa, mtandao wa ndani haukuwa umejaa, na wastani wa muda wa kujibu ulikuwa uleule wa kila siku. Jibu lilipatikana pale tu tulipoacha grafu na kuuliza kila OSD orodha ya maombi iliyokuwa imeyashika kwa wakati huo. Ningependa tujadili namna ya kuifanya orodha hiyo kuwa sehemu ya ufuatiliaji wa kila siku, badala ya kuikumbuka maji yakishafika shingoni.

#2 MtoZigi, Muheza

Ndugu Raskazone, hoja yako nimeielewa lakini sijaikubali yote. Tatizo la wastani linajulikana siku nyingi, na ndiyo maana watu waliacha kutazama wastani wakahamia asilimia 99. Ukiwa na diski moja inayozembea kati ya 24, na kila andiko (yaani ombi la kuandika) linakwenda kwenye diski tatu, basi karibu andiko moja katika kila manane litaigusa diski hiyo. Hiyo ni zaidi ya asilimia 12. Asilimia 99 ingepiga kelele mapema sana. Kwa nini usitengeneze grafu yako vizuri kabla ya kuanza kuchungulia ombi mojamoja, kazi ambayo ina gharama yake na haiwezekani pale maombi yanapofikia maelfu kwa sekunde?

#3 Raskazone

Mzee wangu MtoZigi, shikamoo. Hesabu yako ya moja katika manane ni sahihi kabisa, na nitaitumia hiyohiyo kujibu.

Kwanza, asilimia 99 ya nani? Kwetu, kama ilivyo kwenye hifadhi nyingi, kusoma ni kwingi kuliko kuandika. Tuseme kwa kila andiko moja kuna masomo 40, yaani maombi ya kusoma. Masomo huenda kwa msimamizi mkuu peke yake, kwa hiyo diski inayozembea huguswa na somo moja katika 24, na mengi ya hayo hujibiwa kutoka kwenye kumbukumbu ya haraka bila diski kuguswa. Ukichanganya kusoma na kuandika kwenye grafu moja, andiko moja baya katika manane linakuwa sehemu kama ya asilimia 0.3 ya maombi yote. Asilimia 99 inaweza kupita juu yake bila kutikisika. Nakubali kwamba tiba mojawapo ni kuzitenganisha grafu mbili hizo, na anayesoma uzi huu akiwa amezichanganya azitenganishe leo.

Pili, hata ukizitenganisha, bado unapima waliokwishavuka. Anayehesabu abiria wanaoshuka ng'ambo ya kivuko cha Pangani atakuambia safari ilichukua muda gani, lakini foleni iliyo upande huu haimo kwenye daftari lake.

Tatu, tazama kinachotokea kwa anayeomba. Chukua programu ya kupandisha picha yenye nafasi 16 za kazi, kila nafasi ikituma andiko moja na kusubiri jibu kabla ya kutuma jingine. Andiko la kawaida lichukue milisekunde 10, na lile linalogusa diski mbaya lichukue sekunde 2. Wastani wa andiko unakuwa saba ya nane mara milisekunde 10, ukijumlisha moja ya nane mara sekunde 2, yaani takriban milisekunde 259. Nafasi 16 zilizokuwa na uwezo wa kufanya maandiko 1,600 kwa sekunde sasa zinafanya kama 62. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: ukipiga picha ya nafasi hizo wakati wowote, utakuta karibu zote 16 zimeng'ang'ania diski ileile moja, ilhali diski nyingine 23 hazina kazi. Hapo ndipo grafu za diski zinapoonyesha hifadhi iliyopumzika huku watumiaji wakilia.

Hii ni kanuni ya foleni ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wanaokaa. Kasi ya kuingia ikibaki palepale na idadi ya walio ndani ikapanda, basi muda wa kukaa umepanda, na utalijua hilo sasa hivi bila kumsubiri yeyote amalize.

Kuhusu gharama, OSD tayari inazo kumbukumbu hizi ndani yake, kwa kuwa ufuatiliaji wa maombi huja ukiwa umewashwa. Hatuongezi kipimo kipya, tunasoma kilichopo.

#4 BintiMkonge, Korogwe

Kaka Raskazone na mzee MtoZigi, mimi ni upande wa wanaopandisha picha, si wa seva, lakini tatizo la asilimia 98 nalijua kwa macho yangu. Naomba utuonyeshe hiyo orodha inavyosomeka, kwa sababu nikiambiwa "ombi limekwama" nabaki najiuliza: limekwama wapi? Mlangoni, katikati au mwishoni? Na mtu anajuaje ni diski ipi?

#5 Raskazone

Dada BintiMkonge, hilo ndilo swali lenyewe, na nitakaa nalo kidogo.

Ukiwa kwenye seva husika unaandika `ceph daemon osd.11 dump_ops_in_flight`, au ukiwa mbali unaweza kutumia `ceph tell osd.11 dump_ops_in_flight`. Unapata orodha ya kila ombi ambalo OSD namba 11 imelipokea na haijalimaliza. Kwa kila ombi kuna maelezo ya nani ameomba na kitu gani, umri wake kwa sekunde, hatua iliyofikia, na mfululizo wa matukio yenye saa. Nimefupisha mfano mmoja na kuondoa majina ya vitu:

`age: 37.4`
`flag_point: waiting for sub ops`
`19:42:07.118 initiated`
`19:42:07.118 queued_for_pg`
`19:42:07.119 reached_pg`
`19:42:07.121 started`
`19:42:07.121 waiting for subops from 4,19`
`19:42:07.129 op_commit`
`19:42:07.130 sub_op_commit_rec`

Tusome polepole. Ombi lilipokelewa, likaingia kwenye foleni ya kundi lake la data, likatoka kwenye foleni baada ya milisekunde moja, likaanza kutekelezwa. Kwa hiyo mlangoni hapakuwa na msongamano. Nakala zikatumwa kwa OSD namba 4 na namba 19. Milisekunde chache baadaye diski ya namba 11 yenyewe ikathibitisha kuandika, na uthibitisho mmoja kutoka kwa wenzake ukafika. Baada ya hapo, kimya cha sekunde 37. Tunangoja uthibitisho mmoja tu, lakini mstari wa mwisho, kwetu, hautaji ni wa nani uliofika, kwa hiyo bado hatujui kama anayetuchelewesha ni 4 au 19.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu onyo linalotokea kwenye ukurasa wa afya ya mfumo huitaja pia OSD namba 11, ile inayosubiri, na mtu mwenye haraka huenda kuiwasha upya namba 11 ambayo haina kosa lolote. Anayelalamika si lazima awe ndiye mgonjwa.

Tulichofanya ni kukusanya orodha kutoka kwa OSD zote 24 kwa wakati mmoja, tukachagua maombi yenye umri wa zaidi ya sekunde tano, tukachukua mistari ya `waiting for subops from` peke yake. Ilikuwa 4,19, kisha 19,2, kisha 8,19, kisha 19,15, na kuendelea hivyo. Namba za kwanza na za pili zilibadilika kila mstari, lakini 19 haikukosekana. Huhitaji programu ya kifahari kuona hilo; amri za kawaida za Linux, `grep`, `sort` na `uniq -c`, zinatosha.

Halafu tukaenda kwa namba 19 yenyewe. Kule ombi lilelile linaonekana kwa sura nyingine, likianza na `osd_repop`, kwa maana ya kazi ya nakala. Yote yaliyozeeka yalikuwa na `started` na hayakuwa na `commit_sent`. Maana yake yametoka kwenye foleni ya OSD, yamekabidhiwa kwa tabaka la kuandikia diski, na diski haijarudisha neno. Kwenye seva hiyo, ambako diski ya namba 19 inaitwa sdf, tukafungua `/sys/block/sdf/inflight`, faili dogo lenye namba mbili tu, ya masomo na ya maandiko ambayo keneli (kiini cha mfumo wa Linux) imeyapeleka kwenye diski na bado hayajarudi. Kwa diski za jirani namba hizo zilikuwa zinagusa sifuri kila mara. Kwa sdf, ya pili haikushuka kabisa.

`smartctl`, programu inayosoma afya ya diski, ikamalizia: kipengele namba 197, kinachohesabu sehemu za diski zinazosubiri kuamuliwa kama ni mbovu, kilikuwa kikipanda. Diski ilikuwa inajaribu tena na tena kusoma na kuandika sehemu zilizochakaa, na kila jaribio lilikula muda. Haikufa, kwa hiyo OSD yake iliendelea kujibu salamu za wenzake, zile ambazo OSD hutumiana kila mara kujua nani yu hai. Ceph hutangaza OSD kuwa imeanguka pale isipojibu salamu kwa sekunde 20, lakini diski inayochechemea hujibu salamu vizuri tu.

#6 Kaole, Bagamoyo

Ndugu zangu, asanteni kwa uzi huu. Huku kwetu hatutumii Ceph, tuna hifadhidata, lakini niliposoma maelezo ya #5 nimeona ugonjwa ni mmoja.

Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kuna orodha ya `pg_stat_activity` inayoonyesha kila muunganisho ulio hai, ombi lake, lilianza lini, na linasubiri nini. Kuanzia toleo la 9.6 la mwaka 2016 kuna pia `pg_blocking_pids`, inayokuambia ni nani amemzuia nani, ambayo inafanya kazi ileile ya mstari wako wa `waiting for subops from`. Hifadhidata nyingine zina yake: MongoDB wana `db.currentOp()`. Cassandra wana `nodetool tpstats`, inayoonyesha kwa kila aina ya kazi ni ngapi zinafanyika, ngapi zinangoja na ngapi zimezuiwa, ingawa hiyo hutoa idadi tu na haikupi umri wa ombi mojamoja.

Ninataka kuongeza onyo moja. Umri mkubwa peke yake hauthibitishi kosa. Kwenye PostgreSQL utakuta muunganisho wenye muamala uliofunguliwa asubuhi na hali yake ni `idle in transaction`, kumbe ni programu ya mtu iliyofungua muamala na kwenda zake. Huyo hasumbuliwi na diski. Yeye ndiye anayewasumbua wengine, kwa kushikilia kufuli na kuzuia usafishaji wa data za zamani. Vilevile kuna kazi halali za usiku zinazochukua saa nzima. Kwa hiyo kengele inayolia kwa umri tu, bila kutazama hatua na aina ya ombi, itawachosha watu, na baada ya muda wataizima.

#7 MtoZigi

Marahaba, kijana wangu Raskazone. Nimepiga hesabu yako ya nafasi 16 kwa karatasi na imetoka ilivyo. Nakubali kwamba orodha ya maombi hai inaeleza mahali pa tatizo, jambo ambalo asilimia 99 haiwezi hata ikitenganishwa vipi. Hata hivyo nina mambo mawili ya kiufundi ambayo naona yamerukwa.

La kwanza ni namna ya kuchukua sampuli. Ukiuliza orodha kila baada ya sekunde 15, ombi lililokaa sekunde 30 huwezi kulikosa, lakini ombi lililokaa sekunde 2 una nafasi ya kama asilimia 13 tu ya kuliona. Kwa hiyo picha unayopata siku zote imeegemea kwenye maombi marefu. Kwa kumtafuta mgonjwa, upendeleo huo ni msaada. Kwa kukadiria wastani, ni uongo. Nimewahi kuona mtu akichukua umri wa maombi kwenye orodha hiyo, akaugawanya, akauweka kwenye ripoti kama muda wa kujibu wa mfumo, na wakubwa wakashtuka bure.

Kwa maombi mafupi yaliyokwishapita, OSD hutunza kumbukumbu nyingine, `dump_historic_ops`, lakini kwa kawaida hutunza maombi 20 tu yaliyochukua muda mrefu zaidi katika dakika 10 zilizopita. Ukifika asubuhi kutafuta ya usiku, hutakuta kitu. Asiyeihifadhi mahali pengine hana ushahidi.

La pili ni tabia ya kuwasha upya. Mtu akiona ombi limekwama, kidole chake cha kwanza huenda kwenye kuwasha upya ile OSD. Orodha ya maombi hai imo ndani ya kumbukumbu ya programu hiyo; ukiizima, orodha imekwenda, maombi yanatumwa upya na wateja kwa msimamizi mwingine, kila kitu kinaonekana kimepona, na baada ya kitambo kidogo tatizo linarudi palepale kwa kuwa diski ni ileile. Chukua orodha kwanza, iandike kwenye faili lililo kwenye diski nyingine, kisha fanya utakalo.

#8 BintiMkonge

Nashukuru sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Sasa naomba niulize la upande wetu. Programu yetu ya kupandisha picha imewekwa kwamba jibu lisipokuja kwa sekunde 30, itume tena. Je, kutuma tena kunasaidia au kunaongeza foleni? Na je, sisi huku tunaweza kuona maombi yetu yaliyo hai bila kumsumbua msimamizi?

#9 Raskazone

Dada, inategemea ni nani anayetuma tena na kwa njia gani.

Programu yenu ikikata tamaa na kutuma faili lilelile kupitia lango la wavuti, ombi la kwanza haliondoki ndani ya hifadhi kwa sababu tu nyinyi mmeacha kulisubiri. OSD inaendelea kulishika hadi diski ijibu. Sasa kuna mawili yenye kazi moja, na baada ya sekunde nyingine 30 kuna matatu. Wapimaji kadhaa wakifanya hivyo kwa pamoja, orodha inakua haraka huku kazi yenye faida ikibaki ileile. Dalili yake ni rahisi: idadi ya maombi hai inapanda kwa ngazi zilizopishana sekunde 30. Tumeomba programu ibadilishwe ili muda wa kungoja uongezeke maradufu kila mara, na kuwe na nasibu kidogo ili wote wasirudi kwa mpigo mmoja.

Kuhusu swali la pili, kompyuta ya Linux iliyounganishwa kupitia keneli na CephFS, yaani Ceph ikionekana kama folda za kawaida, inayo orodha yake. Chini ya `/sys/kernel/debug/ceph/` kuna saraka ya kila muunganisho, na ndani yake faili la `osdc` linaorodhesha maombi yaliyotumwa kwa OSD na bado hayajajibiwa, pamoja na namba ya OSD inayodaiwa. Jirani yake kuna `mdsc` kwa maombi ya majina na saraka. Kuyafungua kunahitaji mamlaka ya msimamizi wa kompyuta hiyo. Ninayapenda mafaili haya kwa sababu yanatatua ubishi wa kila siku. Ikiwa `osdc` na `mdsc` ni tupu na mstari wenu umesimama kwenye asilimia 98, ombi halijatufikia, tafuteni kwenye programu yenyewe. Ikiwa `osdc` ina maombi na OSD inayodaiwa haiyaonyeshi kwenye orodha yake, basi yako njiani na tatizo ni mtandao. Yakionekana pande zote mbili, ni letu.

Mzee MtoZigi, kuhusu kuwasha upya tuko pamoja. Ila kuna wakati kuzima ndiyo tiba ya haraka. Baada ya kuhifadhi ushahidi tuliuliza `ceph osd ok-to-stop 19`, mfumo ukajibu kwamba hakuna data itakayokosa kupatikana, tukaizima namba 19. Makundi yake yakabaki na nakala mbili kati ya tatu, na kwa kuwa tumeweka kiwango cha chini kuwa mbili, maandiko yakaendelea papo hapo. Njia nyingine ilikuwa kuitoa kwa `ceph osd out` na kuiacha ikiwa hai wakati data inahama, ambayo ni salama zaidi kwa idadi ya nakala. Lakini diski ambayo haiwezi kubeba kazi ya jioni sikuona itabebaje kazi ya jioni pamoja na uhamisho. Najua wapo watakaochagua kinyume, hasa wenye nakala mbili tu, na hao wana haki.

Sasa kengele. Ceph hulalamika yenyewe ombi linapofikisha sekunde 30, kwa mpangilio wa `osd_op_complaint_time`. Kwa mtu anayetazama mstari wa picha, sekunde 30 ni nyingi mno. Sisi hatukuishusha namba hiyo, kwa sababu wakati wa ukarabati wa nakala maonyo yangejaa ukurasa wa afya na kuficha mengine. Badala yake kila seva ina skripti ndogo inayosoma orodha kila sekunde 15 na kutoa namba chache kwa kila OSD: maombi hai ya kuandika, umri wa lililo kongwe kuliko yote, na mara ngapi OSD hiyo inatajwa na wenzake kama inayosubiriwa. Kengele hulia pale OSD moja inapotajwa na wenzake kadhaa, katika sampuli tatu mfululizo, kwa maombi yaliyozidi sekunde tano. Kwa kuwa kigezo ni kutajwa na wengi, onyo la Ndugu Kaole kuhusu kazi halali ndefu halitusumbui sana: kazi ndefu ya mtu mmoja haifanyi OSD kumi na kitu zinung'unikie jirani yao.

Jambo dogo la hapa pwani, kwa watakaofuata hatua hizi: kabla ya kuhukumu diski, tazameni pia kipengele namba 199 cha `smartctl`. Kikipanda hicho huku 197 kimetulia, mara nyingi ni kebo au kiunganishi. Chumvi na unyevu wa Raskazone na Chumbageni hauhurumii viunganishi, na diski nzima hutupwa kwa kosa la waya.

#10 MtoZigi

Kigezo cha kutajwa na wenzake nimekipenda, nami nitakijaribu. Jeff Dean na Luiz Barroso wa Google waliandika mwaka 2013 kwamba, kila seva ikichelewa kwa ombi moja katika 100, mtumiaji ambaye ombi lake linagusa seva 100 atacheleweshwa kwa asilimia 63 ya nyakati. Ukiisoma hesabu hiyo kwa upande wa pili, mgonjwa mmoja hutajwa na karibu kila mtu, na ndiyo sababu kigezo chako kinafanya kazi. Kitashindwa pale tatizo litakapokuwa la swichi ya mtandao au la seva nzima, kwa maana hapo watatajwa wengi kwa pamoja. Ushauri wangu: skripti ijumlishe pia kwa seva, na kwa swichi, kabla ya kutaja diski.

#11 Kaole

Swali langu la mwisho ni la faragha. Orodha hizo, kama nilivyoona kwenye mifumo yetu, hubeba zaidi ya umri. `pg_stat_activity` hutoa maneno ya ombi lenyewe, pamoja na majina na namba za simu za watu zilizoandikwa ndani yake. Yenu hutaja jina la kitu na anwani ya aliyeomba. Mkizipeleka zote kwenye seva ya grafu ambayo kila mtu ofisini anaifungua, mmeanika ni nani anafanya kazi kwenye shamba la nani.

#12 Raskazone

Ni kweli, na tumelizingatia. Skripti husoma soketi ya OSD ikiwa kwenye seva ileile, kwa jina la mtumiaji wa mfumo asiye na ruhusa nyingine, na huchuja kabla ya kutuma: hutoka umri, hatua, namba za OSD zinazosubiriwa na namba ya muunganisho wa mteja. Majina ya vitu na anwani hayatoki kwenye seva. Orodha kamili huandikwa kwenye faili pale tu kengele inapolia, kwenye saraka inayosomwa na wasimamizi wawili, na hufutwa baada ya tatizo kufungwa. Namba ya muunganisho nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa bila hiyo nisingeweza kumwambia BintiMkonge kwamba lililokwama ni la kompyuta yake na si la jirani.

Mzee MtoZigi, ujumlishaji kwa seva nimeuongeza jana jioni; wa swichi unasubiri, maana sote hapa tuna swichi moja.